Maswali na majibu: Mafaili ya Windows yaliyoharibika kwenye kompyuta ya zamani

Maswali ya safari hii yanahusu kompyuta za nyumbani zenye umri ambazo mafaili ya mfumo wake yameharibika. Amri zilizomo humu, isipokuwa tuliposema vingine, huandikwa kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya jina litakalotokea kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kuifungua kama msimamizi. Zingatia nafasi kati ya maneno ya amri, na mkwaju umeelekea upande gani.

Swali: Kompyuta yangu ya Windows 10 inaganda mara kwa mara. Nimeendesha sfc /scannow mara nne, na kila mara inasema imekuta mafaili mabovu lakini imeshindwa kutengeneza baadhi. Niendelee kurudia?

Jibu: Acha kurudia kwanza. Amri ya sfc haileti faili jipya kutoka kwenye intaneti. Inalinganisha kila faili la mfumo na nakala iliyotunzwa kwenye ghala la Windows, yaani folda ya C:\Windows\WinSxS, na ikikuta tofauti inachukua nakala ya ghalani na kuirudisha mahali pake. Nakala ya ghalani ikiwa nayo ni mbovu, sfc haina pa kuchukua, hata ukiiendesha mara ishirini.

Wa kutengeneza ghala ni DISM, amri nyingine iliyomo ndani ya Windows, ambayo huchota mafaili mazima kutoka Windows Update, yaani huduma ya masasisho ya Microsoft. Kwa hiyo anza na ghala, ndipo uende kwenye mafaili:

DISM /Online /Cleanup-Image /ScanHealth
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inakagua tu na kukueleza kama ghala linatengenezeka. Ya pili ndiyo fundi. Kwenye diski ya zamani ya sahani zinazozunguka inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Ukiona taa ya diski inawaka, kazi inaendelea. Usizime. Kama ni laptopu, iache kwenye chaja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu umeme ukikatika ghala linapoandikwa utaongeza ubovu juu ya ubovu.

DISM ikimaliza, zima na uwashe upya, kisha endesha sfc. Hapo kuirudia mara mbili au tatu, ukiwasha upya katikati, kuna maana, kwa kuwa faili lililokwama safari ya kwanza huenda likarekebishika safari inayofuata. Ikiwa bado inalalamika, ijue inalalamikia nini hasa:

findstr /c:"[SR] Cannot repair" %windir%\Logs\CBS\CBS.log > C:\sfc.txt

Fungua C:\sfc.txt usome majina. Tunasisitiza hili kwa sababu si kila lalamiko ni ugonjwa. Julai 2019, kwa mfano, sasisho la Windows Defender lilibadilisha mafaili yake ya PowerShell, na sfc ikawa inayaita mabovu kwenye kompyuta zilizokuwa salama kabisa. Jina moja lisilohusiana na tatizo lako halistahili kukufanya uifute Windows yote. Majina kumi ya mafaili ya msingi ni habari nyingine.

Swali: DISM inakwama na kutoa namba 0x800f081f. Intaneti ninayo. Tatizo ni nini?

Jibu: Namba hiyo maana yake chanzo cha mafaili hakikupatikana. Intaneti inaweza kuwepo na bado Windows Update isiwe na faili linalotakiwa, au huduma yenyewe ya masasisho ikawa imeharibika. Dawa ni kuipa DISM chanzo kingine, yaani faili la ISO la kuwekea Windows.

Pakua ISO ya Windows 10 inayolingana na yako kwa lugha na kwa aina ya mfumo, biti 32 au biti 64. Namba ya toleo lako utaiona ukiandika winver. Huhitaji flashi wala DVD: bofya ISO mara mbili nayo itafunguka kama diski yenye herufi yake. Tuseme imepewa E:. Ingia kwenye folda ya sources uangalie kama kuna install.wim au install.esd, kisha uliza ndani mna nini:

dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Utaona orodha ya Home, Pro na nyinginezo, kila moja na namba yake. Chukua namba ya ile uliyo nayo wewe. Usikisie, maana wengi hukwama hapa kwa kunakili amri ya mtu mwingine yenye namba ya mfumo wa mtu mwingine. Ikiwa yako ni namba 6:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:6 /LimitAccess

Kama faili ni install.esd, badilisha wim iwe esd sehemu zote mbili. Neno la mwisho, /LimitAccess, linaizuia DISM kukimbilia Windows Update. Namba ileile ikirudi, mara nyingi ISO ni ya toleo la zamani kuliko Windows iliyomo kwenye kompyuta, kwa hiyo faili linalotafutwa halimo. Tafuta ISO ya toleo lako.

Swali: Mafaili nayatengeneza vizuri, sfc inasema kila kitu ni salama, lakini baada ya wiki mbili yanaharibika tena. Kuna virusi?

Jibu: Virusi vinawezekana, lakini kwenye kompyuta yenye miaka saba, nane, kumi, tungeanza kwingine. Faili haliozi lenyewe. Kuna kitu kinaliharibu, na kinachorudi kila baada ya wiki mbili kwa kawaida ni chuma: diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), waya au umeme. Mpaka kipatikane, unapiga deki huku bomba linavuja.

Kabla ya kupima chochote, nakili picha, nyaraka na kila usichotaka kukipoteza uweke kwenye diski ya nje. Tafadhali usiliruke hili. Vipimo vya diski huichosha, na diski iliyo mahututi inaweza kufa katikati ya kipimo.

Kisha soma ripoti ambayo diski hujiwekea yenyewe, iitwayo SMART. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaionyesha. Usiridhike na rangi ya buluu iliyo juu. Shuka uangalie mistari minne. Mstari 05 ni sekta ambazo diski imeshazikatia tamaa na kuzihamishia kwingine. C5 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, yaani diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. C7 ni makosa yaliyotokea data ikiwa njiani kati ya diski na madabodi. Takwimu za safu ya mwisho huonyeshwa kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo 10 hapo ni 16; unaweza kuibadilisha iwe ya kawaida kwenye menyu ya programu.

C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri, hapo ndipo mafaili yako yanapopotelea. 05 yenye namba ndogo isiyosogea kwa miezi inaweza kuvumiliwa kwa tahadhari, lakini ikipanda wiki hadi wiki, nunua diski nyingine. C7 ni tofauti, na ni habari njema kwa kiasi fulani: aghalabu diski ni nzima, ubovu uko kwenye waya wa SATA, ule unaounganisha diski na madabodi. Badilisha waya, au uchomoe na kuuchomeka upya pande zote mbili. Namba ya C7 hairudi nyuma kamwe, kwa hiyo iandike mahali uone kama inaendelea kupanda.

Diski ikiwa safi, hamia kwenye RAM. Huyu ndiye mharibifu anayesahaulika sana. Kila faili linaloandikwa kwenye diski hupitia kwanza kwenye RAM. Biti moja ikigeuka humo, faili huandikwa likiwa bovu na diski haioni kosa lolote, kwa kuwa imeandika kwa uaminifu kile ilichopewa. Ndiyo maana SMART inaweza kuwa safi huku mafaili yanaharibika kila siku. Mbaya zaidi, RAM mbovu inaweza kuharibu hata yale mafaili ambayo DISM inayaleta kama dawa.

Kipimo kilichomo ndani ya Windows hufunguliwa kwa kuandika mdsched, na kinafaa kwa mwanzo. Kilicho makini zaidi ni Memtest86+, ambayo huwekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Iache usiku kucha. Hapa hakuna kosa dogo: kosa moja tu kwa mizunguko yote linatosha kusema kuna tatizo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme (kama ni laptopu, toa na betri), acha kipande kimoja cha RAM upime, kisha badilisha. Kikifeli kwenye tundu moja na kupita kwenye jingine, mshuku tundu. Kabla ya kukitupa kipande, futa meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, rudisha, pima tena. Kwenye mashine za zamani vumbi na kutu nyembamba ya hapo huleta makosa yanayofanana kabisa na ya RAM iliyokufa.

RAM nayo ikipita, angalia umeme. Kwenye kompyuta ya mezani fungua ubavu utazame kapasita za madabodi, vile vipipa vidogo vilivyo karibu na prosesa. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kilichovimba, au kilichotoa ute wa kahawia, kimekwisha. Na kama kompyuta huzimika ghafla umeme unapokatika, hilo peke yake linatosha kuharibu mafaili, hasa ukikatika wakati wa masasisho. UPS ndogo, yaani betri ya akiba inayokupa dakika kumi za kuzima kwa utaratibu inamaliza tatizo hilo.

Ukiwa umevuka yote haya bila kukuta kitu, ndipo skani virusi, ikiwezekana kwa skani inayofanyika kabla Windows haijawaka.

Swali: Yangu haifiki hata kwenye Windows. Inasema inajitengeneza, inashindwa, inawaka tena, inarudia. Nifanyeje kuendesha sfc?

Jibu: Unaweza kuiendesha ukiwa nje ya Windows. Windows 10 ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua yenyewe skrini ya ukarabati; humo, chini ya chaguo za ziada za utatuzi, kuna dirisha la amri. Isipofunguka, washa kwa flashi ya kuwekea Windows na ubonyeze Shift na F10 kwenye skrini ya kwanza.

Hapa kuna mtego mmoja unaonasa wengi: herufi za diski hubadilika. Kilichokuwa C: kinaweza kuwa D:. Andika diskpart, kisha list volume, kisha exit, halafu hakikisha kwa dir D:\Windows. Ikiwa Windows iko D: na flashi ni E:, amri zinakuwa hivi:

chkdsk D: /f
sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Ukiambiwa kuna ukarabati unaosubiri kompyuta iwashwe upya, sasisho lilikatika katikati. Lirudishe nyuma:

dism /Image:D:\ /Cleanup-Image /RevertPendingActions

Mizunguko mingi isiyokwisha ya aina yako huishia hapo. Isipoisha, tengeneza ghala kutokea kwenye flashi, ukiweka namba ya mfumo wako mwishoni. Tengeneza kwanza folda ya kazi, kwa sababu mazingira haya ya ukarabati huishi ndani ya RAM na nafasi yake ya muda ni finyu. Bila folda hiyo DISM inaweza kulalamika kuwa nafasi haitoshi hata kama diski yako ni tupu:

md D:\Muda
dism /Image:D:\ /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:6 /ScratchDir:D:\Muda

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows kwa data ya diski, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya yote. Na ukitafuta nakala za rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kwenye D:\Windows\System32\config\RegBack ukakuta mafaili yenye ukubwa wa 0, hujakosea: kuanzia toleo la 1803 Windows 10 iliacha kuzihifadhi yenyewe. Usinakili mafaili hayo matupu juu ya rejista yako.

Swali: Natumia Windows 7. Nikiandika RestoreHealth naambiwa kosa namba 87.

Jibu: Chaguo hilo lilianza na Windows 8, halimo kwenye Windows 7. Kwako ghala hupimwa na kifurushi cha Microsoft chenye namba KB947821. Chagua cha biti 32 au 64 kulingana na mfumo wako, kiendeshe kama sasisho la kawaida, kisha soma C:\Windows\Logs\CBS\CheckSUR.log. Kinachotengenezeka kinatengenezwa kimyakimya. Kinachoshindwa kinaorodheshwa mwishoni mwa faili hilo. Baada yake endesha sfc /scannow. Orodha ikiwa ndefu, usipambane na faili mojamoja. Soma jibu la mwisho hapa chini. Masasisho ya usalama ya Windows 7 yalikoma tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo baada ya kuifufua usiifanyie miamala ya pesa wala kuingiza manenosiri muhimu.

Swali: Programu inasema faili la .dll halipo. Kuna tovuti inayatoa bure, nipakue niweke kwenye System32?

Jibu: Hapana, tunakuomba usifanye hivyo. Hujui nani amelishika faili hilo kabla yako, na hata likiwa safi, toleo linaweza lisioane na mengine. Kwanza tazama jina. Likianza na msvcp, msvcr au vcruntime, Windows haijaharibika: kinachokosekana ni kifurushi cha Visual C++, nacho hupatikana bure kwa Microsoft. Kwenye mfumo wa biti 64 weka vyote viwili, x86 na x64, kwa sababu programu ya biti 32 haiwezi kutumia faili la biti 64. Likiwa faili la Windows yenyewe, likague peke yake:

sfc /scanfile=C:\Windows\System32\jina.dll

Badala ya jina.dll andika jina kamili uliloonyeshwa. Angalia pia karantini ya antivairasi yako, maana huenda ndiyo iliyoliondoa.

Swali: Nina kompyuta ya Windows XP yenye programu ya zamani ninayoihitaji. Inasema faili la \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM limepotea au limeharibika.

Jibu: Hilo ni sehemu ya rejista, na sfc haiwezi kuligusa. Washa kwa CD ya XP, bonyeza R kuingia kwenye konsoli ya ukarabati, na anza na chkdsk /r kabla ya kitu kingine. Mara nyingi hiyo peke yake inairudisha, kwa kuwa faili lipo ila sekta zake hazikusomeka.

Isipowaka, weka kando faili bovu na kuchukua lile la siku Windows ilipowekwa:

ren c:\windows\system32\config\system system.old
copy c:\windows\repair\system c:\windows\system32\config\system

Fahamu gharama yake: draiva na huduma zilizowekwa baada ya siku hiyo hazitajulikana tena, utaziweka upya. Na kama XP ilikuja imewekwa na mtengenezaji wa kompyuta, usitumie njia hii. Microsoft yenyewe ilionya kwamba mafaili ya folda ya repair kwenye mashine hizo yanaweza kuleta akaunti na manenosiri ambayo hayakuwepo, ukafungiwa nje. Hapo chomoa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, na uokoe data kwanza.

Swali: Saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma kila nikizima. Inaweza kuharibu mafaili?

Jibu: Haiharibu, ila inazuia matengenezo. Tarehe ikiwa ya uongo, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza au vimekwisha muda, kwa hiyo Windows Update inakataa kuunganishwa na DISM inakosa chanzo. Badilisha betri ya madabodi. Kwenye kompyuta nyingi ni CR2032 ya volti 3. Rekebisha tarehe, kisha jaribu tena.

Swali: Nimejaribu kila kitu, bado. Nifute nianze upya?

Jibu: Bado kuna hatua moja kabla ya kufuta: kuweka Windows juu ya Windows iliyopo. Inabadilisha mafaili yote ya mfumo na kuacha programu na nyaraka zako mahali pake. Masharti ni haya: kompyuta iweze kuwaka hadi ndani ya Windows, diski na RAM ziwe zimepita vipimo tulivyoeleza juu, C: iwe na nafasi ya angalau GB 20, antivairasi isiyo ya Windows iwe imeondolewa kwa muda, na kila kinachochomekwa kwa USB kiwe kimechomolewa isipokuwa kipanya, kibodi na chombo chenyewe cha kuwekea.

Fungua ISO ukiwa ndani ya Windows na uendeshe setup.exe. Usiwashie kompyuta kwenye flashi, kwa sababu ukianzia huko nafasi ya kubakiza programu haipo. Utakapoulizwa nini kibaki, chagua mafaili binafsi na programu. Chaguo hilo likiwa limefifia halibofyeki, simama hapo hapo: ISO hailingani na mfumo wako kwa lugha, kwa toleo au kwa biti, na ukiendelea programu zako zitapotea. Kwenye Windows 7 yenye Service Pack 1, diski ya kuwekea nayo lazima iwe na Service Pack 1, la sivyo itakataa kwa madai kwamba uliyo nayo ni mpya zaidi.

Ukimaliza kwenye Windows 10 utaikuta folda ya Windows.old, ambayo inakupa siku 10 za kurudi nyuma kama kuna kitu kimekwenda kombo. Usiisafishe mapema kwa ajili ya kupata nafasi. Tumia siku hizo kufungua kila programu unayoitegemea, kujaribu printa, sauti na mtandao, na kuendesha sfc /scannow mara moja zaidi.